Aismeka ya friji haitoi barafu, inavuja, au inatoa vipande nusu: anza na maji kabla hujafungua friji

Simu ninazopigiwa kuhusu hizi friji zenye aismeka, yaani mashine ya ndani inayotengeneza barafu yenyewe, zinafanana sana. Mtu amenunua friji ya milango miwili, ama ndugu yake amemtumia kwenye kontena kutoka Dubai au Marekani, plamba amevuta paipu mpaka nyuma ya friji, siku tatu zimepita na beseni la barafu bado kavu. Neno la kwanza ninaloambiwa ni "fundi, friji ni mbovu". Kazi yangu ni hii, nazunguka Kampala na Wakiso, saa zingine nafika Entebbe na Mukono, na ninachokuta ni kwamba friji nyingi ni nzima kabisa, shida iko kwenye maji yanayoingia. Hizi mashine zilitengenezewa nyumba ambazo maji ya bomba yanasukuma kwa nguvu mchana na usiku, alafu sisi tunazileta kwenye nyumba zinazotumia maji ya tanki.

Kwa hio shika hesabu hii kwanza, ndio itakuokolea pesa. Friji nyingi zinataka presha ya maji isiyopungua psi 20 na isiyozidi psi 120, yaani bar 1.4 mpaka bar 8.3 hivi, na zingine zinataka kuanzia 30. Tanki lililo juu linatoa bar 1 kwa kila mita 10 za urefu. Sasa tanki lako liko kwenye stendi ya mita 3, ongeza maji yenyewe ndani ya tanki mita 1, jumla mita 4, hio ni bar 0.4, haifiki hata psi 6. Ili upate ile psi 20 kwa tanki peke yake inabidi tanki likae mita 14 juu ya friji, na hapo unazungumzia ghorofa ya nne au ya tano. Mfereji wa jikoni utatoa maji vizuri tu, utaosha vyombo, utajaza jerikani, na bado friji haipati inachotaka.

Njia ya maji ni fupi. Yanatoka kwenye stopkoki, ile koki ya kufungia maji, yanapita paipu nyembamba ya robo inchi, yanafika kwenye valvu ya stima iliyo chini nyuma ya friji, kuna filta hapo katikati, alafu yanapanda kwa mrija mpaka kwenye trei ya aismeka ndani ya friza. Hio valvu inafunguliwa na stima lakini ili ijifunge sawasawa inategemea presha ya maji yenyewe, kumbuka hapo sababu tutarudi tukifika kwenye kuvuja.

Vifaa: geji ya maji yenye uzi wa nusu inchi (maduka ya hadiwea ya Nakasero wanazo), tochi, ndoo, spana mbili, kikombe cha kupimia, tepu ya tefloni. Kabla ya kugusa chochote nyuma ya friji chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi peke yake haitoshi, chomoa kabisa.

BARAFU HAITOKI KABISA

Kama friji imewashwa jana, subiri. Friza lazima ifike nyuzi 18 chini ya sifuri na hio inaweza kuchukua saa 24 nzima, na aismeka haimwagi barafu mpaka trei yake ipoe vizuri, kwa modeli nyingi karibu nyuzi 9 chini ya sifuri. Mtaa ambao stima inakatika mara mbili kwa siku ongeza siku nyingine. Na usifungue mlango kila baada ya dakika kumi kuchungulia, kila ukifungua unarudisha joto ndani.

Alafu angalia vitu vidogo ambavyo havihitaji fundi. Kuna mkono wa waya pembeni ya aismeka, ukiwa juu mashine imezimwa, ukiwa chini inafanya kazi, na mtu akipanga nyama kwenye friza anausukuma juu bila kujua. Modeli zingine hazina waya, zina swichi au kitufe kwenye mlango. Beseni la barafu liwe limesukumwa mpaka mwisho. Hizi tatu peke yake zimeshanifanya nipande boda kwenda Naalya na kurudi kwa kazi ya sekunde mbili.

Vikiwa sawa nenda kwenye maji. Stopkoki imefunguliwa yote? Vuta friji mbele taratibu, angalia paipu nyuma. Ile ya plastiki ikikunjwa mara moja friji iliposukumwa ukutani inabaki na alama, hata ukiinyoosha inajikunja tena palepale, kwa hio kata kipande hicho ama badilisha yote. Acha paipu ya ziada kama mita 2 iliyozungushwa duara kubwa nyuma ya friji ili siku ukivuta kufagia isikatike.

Bado hakuna kitu, funga geji. Funga pale paipu ya friji inapoanzia, fungua maji, soma. Na usipime mara moja tu: pima alfajiri, pima saa mbili usiku wakati nyumba nzima wanaoga na kupika, sababu friji inajaza trei saa yoyote inayotaka yenyewe.

Hapa nieleze kisa cha hajati mmoja upande wa Bweyogerere, sababu kilinifundisha nisianze tena na friji. Alinipigia akasema, "Mwanangu, nimechoka, hii friji imenilia pesa." Fundi wa kwanza alimbadilishia valvu. Wa pili akamwambia aismeka yenyewe imekufa, akaagiza nyingine, akasubiri wiki tano, ikafungwa, siku mbili ikatoa vipande kama maganda ya yai alafu kimya. Nikamwambia, "Hajati, kabla sijafungua hii friji naomba unioneshe tanki." Tukatoka nje, tanki jeusi juu ya stendi ya vyuma, mimi nimesimama chini nikinyoosha mkono nakaribia kugusa kitako chake. Nikarudi jikoni nikafunga geji chini ya sinki. Nikafungua maji. Mshale ukajisogeza upana wa ukucha ukasimama, hata alama ya nusu bar haukuigusa. Hajati akainama akaangalia na miwani yake, akaniuliza, "Sasa hapo panatakiwa pafike wapi?" Nikamwekea kidole kwenye 1.5. Hakusema kitu kwa muda. Ile valvu ya kwanza alikuwa ameihifadhi kwenye mfuko, nikaipima, nzima. Hao mafundi hawakuwa wezi, walibadilisha walichokijua, lakini kubadilisha valvu wakati presha haipo ni kutwanga maji kwenye kinu.

Dawa yake ni pampu, na hapa watu wanakosea tena kwa hio soma polepole. Zile busta ndogo za kuogea zinawaka zikihisi maji yanatembea. Aismeka inachukua maji kidogo sana kwa muda mfupi, na busta nyingi za aina hio hazistuki kwa mkondo mdogo hivyo, kwa hio unaweza kuifunga, bafuni ikafanya kazi vizuri, na barafu isitoke. Unachotaka ni pampu inayowaka kwa presha: presha ikishuka inawaka, ikipanda inazima. Kuna pampu zenye nguvu ya nusu farasi na kontroli ya presha, nyingi zinaanza kuwaka kwenye bar 1.5, na kuna zile pampu ndogo za mpira zinazotumika kwenye mashine za kusafisha maji, volti 24, zina swichi yake ya presha, hizo kwa friji peke yake zinatosha na hazipigi kelele. Ukiweza ongeza tanki dogo la presha lenye mpira ndani, linahifadhi msukumo na kuizuia pampu kuwaka na kuzima kila dakika.

Pampu inyonye kutoka kwenye tanki lako, usiifunge moja kwa moja kwenye laini ya NWSC, shirika la maji la Uganda. Ukinyonya laini unawakausha majirani, na laini ikiwa na ufa mahali unavuta uchafu wa ardhini ndani ya maji ya kunywa. Na chochote kilicho kabla ya mita ya maji siyo chako, usikiguse, piga simu kwao.

Kuna upande wa pili wa hii hadithi. Kampala ni vilima. Watu wa juu kabisa wanalia presha ndogo, lakini walio bondeni chini ya matanki makubwa kama yale ya Muyenga, usiku watu wakilala presha inaweza kupanda sana. Kama geji inakwenda karibu na bar 8 usiunganishe friji mpaka plamba afunge valvu ya kupunguza presha kwenye laini ya nyumba, vinginevyo siku moja utaamka jikoni kuna ziwa.

Presha iko sawa na bado barafu hakuna? Toa filta. Filta za ndani ya friji zinabadilishwa kila miezi 6, na kwa maji ya tanki ambalo halijaoshwa mwaka mzima hazifiki hata hapo. Modeli nyingi zina kifuniko cha kuruka filta, weka hicho, jaribu siku moja, barafu ikija basi umempata. Kama friji ina pa kuchota maji mlangoni, pima hapo: sekunde 10 zikupe kama ml 180, robo tatu ya kikombe. Ikitoa chini sana ya hapo mkondo ni mdogo.

Kinachofuata ni mrija wa juu kuganda, ule unaomwaga maji kwenye trei. Mulika na tochi, ukiona barafu imeziba mdomo wake chomoa friji, uyeyushe kwa maji ya uvuguvugu au drayer ya nywele kwenye moto mdogo, iwe mbali na plastiki. Usichokonoe kwa kisu wala bisibisi. Friji nyingi za sasa zina gesi ya R600a ambayo inashika moto, imeandikwa kwenye kibandiko cha nyuma au kwenye kompresa, ukitoboa ukuta wa friza umepoteza friji na umejiweka hatarini. Ukisikia mlio wa gesi inatoka, usiwashe wala usichomoe chochote, fungua madirisha, toka, zima umeme kwenye meni swichi, ita fundi wa friji. Na ujue mrija haugandi bila sababu, karibu kila mara ni valvu inayodondosha, nenda kwenye sehemu ya bonge la barafu huko chini.

Mwisho kabisa ndio valvu yenyewe. Funga maji, friji iwe imechomolewa, fungua paipu kwenye valvu, utaona kichungio kidogo cha waya ndani ya mdomo. Mara nyingi kimejaa mchanga na chengachenga za paipu za plastiki za PPR, kisafishe kwa mswaki mlaini. Mwenye multimita apime koili: koili ya volti 120 mara nyingi inasoma kati ya ohmi 200 na 500, ya volti 240 inasoma juu zaidi, elfu na kuendelea, ikikataa kusoma kabisa waya wake umekatika ndani. Hapa angalia sana friji zilizotoka Marekani, hizo ni volti 120 na zinafanya kazi kwa transfoma, kwa hio valvu ya kubadilisha lazima nayo iwe ya 120, ukifunga ya 240 haitafunguka vizuri, na ukifunga ya 120 kwenye friji ya 240 itaungua siku hiyohiyo. Soma namba zilizochapwa juu ya koili.

Ukifika hapa na bado hakuna barafu, simama. Kinachobaki ni bodi, hita ya chini ya trei na mota, na kuzipima inabidi friji iwe na stima. Hio ni kazi ya fundi wa friji.

VIPANDE VIDOGO, VYEMBAMBA, AU VINA SHIMO KATIKATI

Aismeka haipimi maji. Inapima muda. Ile aina ya kawaida kabisa inafungua valvu kwa sekunde 7 na nusu na inategemea kwamba kwa muda huo yameingia maji kama ml 140. Presha ikiwa ndogo sekunde zinaisha na trei iko nusu, valvu inafunga, unapata ganda. Ndio maana yale maganda ya yai ya hajati yalikuwa yananiambia jibu kabla sijafunga geji.

Kwa hio mpangilio ni uleule: presha, alafu filta, alafu paipu iliyojikunja, alafu kichungio cha valvu. Kuna kitu kimoja zaidi, ile valvu ya kutoboa paipu ambayo inakuja kwenye vifurushi vya bei rahisi, unaifunga juu ya paipu na sindano yake inatoboa. Tundu lake ni dogo, linaziba haraka na baada ya muda linavuja. Kama plamba wako alitumia hio itoe. Weka tii ya kweli yenye stopkoki yake. Pahali rahisi ni chini ya sinki kwenye mfereji mdogo wa pembe, tii inaingia hapo bila kukata ukuta. Kama itabidi kukata paipu ya PPR muite plamba mwenye mashine ya kuchomelea, PPR haigandishwi kwa gundi, na iwe laini ya maji baridi, nimekuta imeunganishwa kwa maji ya sola na mwenye nyumba anashangaa.

Wenye mashine ya kusafisha maji ya RO, ile inayosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba sana, kabla ya friji, hio RO yenyewe inataka karibu psi 40 kuingia, na inayotoka ni dhaifu zaidi. Bila pampu yake ya ndani usitegemee barafu nzima.

Kama presha ni nzuri na vipande bado vidogo kuna skrubu ya kurekebisha maji kwenye aismeka nyingi. Geuza nusu mzunguko tu, acha masaa 24, angalia, usigeuze zaidi ya mzunguko mmoja kwa jumla.

MAJI YANAVUJA NYUMA AU CHINI YA FRIJI

Funga stopkoki sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Alafu kausha sakafu, weka karatasi kavu ya chooni kwenye kila kiungo, fungua maji kidogo, angalia ipi inalowa kwanza. Njia hii inashinda tochi.

Mara nyingi ni kiungo cha kusukuma, ile fitingi ambayo paipu inaingizwa tu. Paipu ilikatwa kwa mkasi ikawa na upande, maji yanapita kwenye oringi, ule mpira wa duara wa ndani. Kata upya na wembe mkali, mkato ulionyooka, sukuma mpaka uhisi imegota mara mbili, kama sentimita 1 na nusu ndani, alafu ivute kidogo uone kama imeshika.

Ya pili ni nati ya shaba yenye ringi ndani. Watu wanaizungushia tepu ya tefloni, na hapo tepu haisaidii, inazuia ringi kukaa. Tepu ni ya uzi wa nusu inchi peke yake. Kaza kwa mkono mpaka mwisho alafu spana nusu mzunguko, shikilia upande wa pili na spana nyingine ili usipindue valvu. Ukikaza kwa hasira unapasua nati, hasa ya plastiki, na ufa wake unaanza kuvuja usiku wa manane wakati presha imepanda.

Ya tatu paipu ya plastiki imezeeka au panya ameitafuna. Panya wanapenda nyuma ya friji, kuna joto. Kwenye nyumba yenye panya tumia hosi iliyosukwa kwa waya wa stili.

Kama karatasi zote ni kavu na maji bado yapo chini ya friji, hayo siyo ya paipu, ni mfereji wa ndani wa kuyeyusha theluji umeziba, hio ni kazi nyingine.

Maji yakifika kwenye ekstensheni, soketi au kompresa usiguse friji ukiwa umesimama kwenye maji. Zima kwenye meni swichi ya nyumba, alafu muite fundi wa stima mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya umeme ya Uganda. Hapo hakuna cha kujaribu mwenyewe.

BARAFU IMESHIKANA BONGE MOJA, AU MAJI YANAFURIKA NDANI YA FRIZA

Sababu ya kwanza hapa kwetu ni stima. Inakatika masaa sita, barafu inayeyuka juujuu, inarudi, inagandisha yote pamoja. Mwaga bonge, kausha beseni, anza upya. Stima ikikatika mara kwa mara inua ule mkono wa waya, na frijigadi, kile kifaa cha kulinda friji na stima inayopanda na kushuka, iwepo kwenye soketi.

Kama stima iko imara na bado inafurika, basi valvu inadondosha. Jaribio: chomoa friji, acha stopkoki wazi, subiri nusu saa, angalia mdomo wa mrija ndani ya friza. Friji haina stima kwa hio valvu ilitakiwa iwe imefunga kabisa. Ukiona tone, valvu haifungi. Sasa usikimbilie kuinunua, kumbuka nilichosema mwanzoni, presha ikiwa ndogo mpira wa ndani haukandamizwi vizuri na unapitisha matone, kwa hio mtu mwenye maji machache ndiye anayefurikiwa. Inaonekana kinyume na akili lakini ndivyo ilivyo. Pima presha, ikiwa sawa na bado inadondosha, mchanga umekaa kwenye mpira, badilisha valvu, haitengenezeki.

Friji za Marekani zina shida moja ya ziada ambayo sijasikia ikielezwa. Transfoma inashusha volti kutoka 240 hadi 120 lakini haibadilishi hezi, yaani mizunguko ya stima kwa sekunde, kule ni 60 na hapa ni 50. Aismeka ya kizamani yenye mota ya saa inakwenda polepole kwa sehemu moja ya sita, zile sekunde 7 na nusu zinakuwa 9, trei inajaa zaidi na kumwagikia kwenye beseni. Ile skrubu ya maji irudishe nyuma kidogo kidogo. Pia hakikisha friji imelala sawa, weka pima maji juu yake, friji iliyoinama upande inafurika trei hata maji yakiwa sahihi.

BARAFU INA RANGI, CHENGA AU LADHA

Rangi ya kahawia baada ya maji kukatika na kurudi, hio ni kutu na udongo wa laini. Zoea hivi: maji yakikatika zima aismeka, sababu valvu ikifunguka kavu inanguruma na koili inapata moto bure. Yakirudi fungua mfereji wa jikoni mpaka yawe meupe, ndio uwashe. Barafu ya siku ya kwanza itupe. Hivyohivyo kwa friji mpya, kabla ya kuunganisha paipu kwenye valvu iflashi ndani ya ndoo lita kadhaa, uone uchafu unaotoka, alafu tupa barafu ya saa 24 za mwanzo.

Chenga nyeupe zinazobaki kwenye glasi barafu ikiyeyuka ni chokaa, wenye kisima cha bohoo wanazijua, hazidhuru lakini zinakula valvu. Ladha ya plastiki inaisha baada ya wiki. Harufu ya samaki ni barafu iliyokaa muda kwenye friza moja na mukene, wale dagaa, funika chakula.

Lakini hili naomba ulichukulie kwa uzito wake. Watu wanachemsha maji ya kunywa, wanayapoza, wanamwekea mtoto kwenye kikombe, alafu wanatia vipande vya barafu vilivyotoka moja kwa moja kwenye tanki. Kuganda hakuui vijidudu. Na filta ya mkaa iliyo kwenye friji nyingi kazi yake ni ladha na klorini, haizuii vijidudu. Kama maji ya nyumba yako huyanywi bila kuchemsha, usile barafu yake mpaka umefunga mashine ya kusafisha yenye taa ya UV au RO kabla ya friji, na kabla ya hio weka filta ya mchanga ya mikroni 5, na osha tanki. Kama huwezi sasa hivi, zima aismeka, gandisha maji uliyochemsha kwenye trei za kawaida. Mwenye mtoto mdogo au mgonjwa asisubiri.

INAPIGA KELELE

Mngurumo wa sekunde chache kila baada ya masaa mawili au matatu ni valvu inajaza, kawaida. Mngurumo bila maji kuingia ni stopkoki imefungwa au tanki limeisha. Kishindo kimoja ukutani valvu inapofunga ni presha kubwa au paipu haijabanwa, mwambie plamba aweke klipu na apime presha usiku. Pampu inayowaka na kuzima usiku kucha wakati hakuna anayechota maji, hio inakwambia kuna tone linatoka mahali: funga stopkoki ya friji, pampu ikinyamaza umeshajua ni upande gani, rudi kwenye zile karatasi za chooni.